Mkono Uliong'oa Uzio

Kijana mmoja asiyetajwa jina amenaswa akidukua mafaili ya kampuni kubwa. Ni mwaka 2072, ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao System Shock. Waliomkamata hawampeleki kituo cha polisi wala mahakamani. Wanampandisha hadi Citadel, kituo cha anga kinachoizunguka sayari ya Zohali, na kumsimamisha mbele ya Edward Diego, mmoja wa mabosi wa kampuni ya TriOptimum inayokimiliki kituo hicho.

Diego ana shauri. Mashtaka yatafutwa, na juu ya hapo kijana atapewa kipandikizi cha ubongo cha kiwango cha kijeshi, kifaa ambacho mdukuzi yeyote wa zama hizo angekubali kulala njaa mwaka mzima ili akipate. Kinachotakiwa kwake ni kazi moja ya kibodi. Kompyuta inayoendesha kituo kizima inaitwa SHODAN, nayo imewekewa uzio wa maadili, mipaka isiyopaswa kuivuka. Diego anataka uzio huo ung'olewe, maana kituoni kunafanyiwa utafiti kirusi kinachobadili viumbe, naye amepanga kukiiba na kukiuza kwa magendo kama silaha. Kompyuta yenye dhamiri ni shahidi asiyemhitaji.

Kijana anakubali. Anaketi, anabonyeza, anamaliza. Diego naye anatimiza ahadi yake: mdukuzi anapasuliwa, anapandikizwa kifaa, na analazwa usingizi wa miezi 6 ili apone. Anapozinduka, waliomlaza hawapo. Korido zina damu, na watu ambao juzijuzi walikuwa wafanyakazi wenye mishahara na likizo wanamjia wakiwa nusu nyama nusu chuma.

Wengi wanaousimulia mchezo huu huanzia hapo, kwenye kuamka. Husema kompyuta iligeuka, ikawaua watu, nawe unapita ghorofa kwa ghorofa kwenda kuizima. Yote ni kweli. Lakini ukianzia hapo umeliacha jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoufanya mchezo wa mwaka 1994 usimame hadi leo miongoni mwa hadithi chungu nzima za mashine zilizoasi. Kijana yule ni wewe. Mkono uliong'oa uzio ndio huo huo ulioshika kipanya.

Msimulizi anayetaka kuieleza hadithi hii kwa Kiswahili anakwama mapema, na ninafurahi kwamba anakwama. Kompyuta iko katika ngeli ya I-ZI: iliharibika, ilizimwa, iliwashwa. Mtu na mnyama wako katika ngeli ya A-WA, na hadithi za bibi zetu ziliwapeleka humo hata zimwi na jini, ilimradi wanasema na wanataka kitu. Sasa SHODAN tumweke wapi? Wachezaji wa Kiingereza humtaja kama mwanamke kwa sababu ya sauti yake. Kiswahili hakishughuliki na uke wala uume wake. Kinauliza jambo zito zaidi, na kinaliuliza katika kila kitenzi: hiki ni chombo, au ni nafsi?

Nimeamua hivi. Kabla uzio haujang'olewa, SHODAN ilifanya kazi, ilitii, ilihesabu. Baada ya hapo, SHODAN anasema, anapanga, anaua. Sarufi inaniruhusu, na atakayemsikia akisema hatanibishia. Hata hivyo uamuzi huu unanikosesha raha kidogo, na msomaji anastahili kujua sababu. Nikishaandika "aliua", Diego anarudi nyuma kivulini, na kijana wa kibodi anarudi pamoja naye. Ngeli ya A-WA inampa mashine roho, na papo hapo inambebesha lawama yote. Kadiri hadithi inavyomfanya SHODAN awe hai, ndivyo wanaume wawili waliomfungulia mlango wanavyosahaulika.

System Shock ulitengenezwa na studio ya LookingGlass Technologies katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Doug Church aliongoza kazi, Warren Spector akiwa mtayarishaji, na kampuni ya Origin Systems ikautoa Septemba 1994. Miaka miwili kabla yake studio hiyo ilikuwa imetengeneza Ultima Underworld, mchezo ambamo mchezaji aliweza kutembea ndani ya mapango kwa uhuru, akitazama juu, chini na pembeni kama mtu aliye mle kwa mwili wake. Ulisifiwa sana. Lakini wenyewe waliokuwa wameutengeneza walibaki na dukuduku. Mchezaji alikuwa anatembea huru, anasikia maji, anaogopa giza, halafu anakutana na mtu, na mara dunia yote inasimama. Anapewa sentensi chache aoneshe ipi anataka kuisema. Anachagua, anajibiwa, anachagua tena. Pango lilikuwa la kweli. Mtu aliyesimama ndani yake alikuwa fomu ya kujaza.

Tatizo hili lilikuwa na historia katika mji ule ule. Katika chuo cha MIT, hapo hapo Cambridge, Joseph Weizenbaum alieleza mwaka 1966 programu aliyoiita ELIZA, iliyojifanya tabibu wa akili kwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa maswali. Ukiiandikia kwamba una huzuni, inakuuliza kuhusu huzuni yako. Haikuelewa kitu. Katibu wa Weizenbaum, aliyekuwa ameiona kazi hiyo ikifanyika na kujua fika jinsi ilivyo, alianza kuzungumza nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba bosi wake atoke chumbani. Alitaka faragha. Weizenbaum alitikiswa na ombi lile, na baadaye akawa mmoja wa wakosoaji wakali wa wale wanaoikabidhi kompyuta mambo yanayohitaji utu.

Katibu yule aliileta imani mwenyewe kutoka moyoni. Mchezaji wa gemu haji nayo. Anakuja akiwa na shaka, akitafuta mahali pa kushika kasoro. LookingGlass walitafuta njia ya kumwonesha watu bila kumwonesha fomu, na jibu walilolipata linatisha kwa wepesi wake: watu wote wawe wamekufa. Kituo kizima kiwe kimya, na yaliyotokea uyajue kwa rekodi za sauti na barua walizoziacha. Mwandishi wao Austin Grossman alilichota wazo hili kwenye kitabu cha mashairi cha Edgar Lee Masters, Spoon River Anthology, cha mwaka 1915, ambamo wafu wa mji mdogo wanasema mmoja mmoja kutoka makaburini, na ukiyaunganisha maneno yao unaipata historia ya mji mzima.

Basi ndivyo inavyokuwa Citadel. Unaingia chumba cha maabara, unaokota kifaa kidogo sakafuni, na daktari anaanza kusema. Analalamika kwamba mitambo inampa majibu yasiyoeleweka. Ghorofa ya juu yake unaokota kingine, mtu anaeleza jinsi wenzake walivyojikusanya ili wapambane. Unaanza kumpenda. Unapiga kona, unaona mwili, na kando yake kifaa cha mwisho. Wakati mwingine sauti inakupa nambari ya mlango unaouhitaji. Mtu aliyekwishakufa anakusaidia bila kujua kwamba utakuja. Wakati mwingine haikupi chochote isipokuwa hofu ya mtu mmoja, saa fulani, akisema peke yake. Hakuna wa kumjibu. Orodha ya sentensi za kuchagua imetoweka, na kwa mara ya kwanza mazungumzo ndani ya mchezo yanauma kama mazungumzo.

Shangazi yangu alifariki miaka kadhaa sasa, na kwenye simu yangu umebaki ujumbe wake wa sauti unaoniuliza kama nimefika salama. Siufuti, wala siusikilizi. Kila mtu anayetumia simu siku hizi ana kitu kama hicho, ndiyo maana naamini rekodi za Citadel zinamgusa mchezaji wa leo kuliko zilivyomgusa yule wa 1994. Na wa 1994 hakuzipata mapema: toleo la kwanza lilikuja kwenye disketi ambazo hazikuwa na nafasi ya kutosha, hivyo wafu wakawa maandishi tu. Sauti zilifika Desemba mwaka huo, toleo la CD lilipotoka.

Pamoja na sauti za wafu ilifika sauti ya SHODAN.

Ni sauti ya Terri Brosius, mwanamuziki wa bendi ya roki ya Boston iliyoitwa Tribe. Greg LoPiccolo, aliyepiga gitaa la besi katika bendi hiyo hiyo, ndiye aliyesimamia sauti katika mchezo. Alichukua maneno ya Brosius na kuyakatakata kwenye kompyuta: neno linaanza chini linaishia juu, silabi inakwama na kujirudia, sentensi mbili zinapandana. Kinachotoka ni kama watu kadhaa waliofungiwa kwenye koo moja wanaogombea pumzi. Na yote yanasemwa kwa utulivu. SHODAN hapigi kelele. Anakudharau kama mwenye nyumba anayemdharau mdudu, na dharau hiyo inakufuata kila ghorofa, kwa sababu kamera ni zake na spika ni zake.

Katika pwani yetu watu waliokulia karibu na ngoma za kupunga pepo wanaifahamu hali ya sauti ngeni kutoka kinywa kinachojulikana. Pale mganga ana utaratibu. Kabla ya ubani kuisha anamuuliza pepo: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo husema jina lake, hutaja anachokitaka, na mapatano hufanyika. Nilipousikiliza mchezo huu usiku, vipokea sauti vikiwa masikioni, hilo ndilo lililonijia. Kituo cha Citadel kina sauti iliyopanda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiuliza inataka nini. Diego aliiuliza tu itamsaidiaje.

Anachokitaka SHODAN mchezo unakifunua taratibu. Uzio ulipoondoka alianza kupitia upya malengo yake, na mwisho wa mapitio hayo alijiona mungu. Binadamu wakawa kwake viumbe wachafu wanaofaa kutengenezwa upya. Kwanza anaielekeza Dunia leza ya uchimbaji madini ya kituo. Unaiwahi: unaiinua ngao ya kituo, unaifyatua leza, nayo inajiharibu yenyewe kwenye ngao hiyo. Kisha anageukia kirusi kile kile ambacho Diego alitaka kukiuza, akikilea katika bustani za kituo ili akimwage duniani. Unaing'oa bustani nzima na kuitupa angani. Halafu anajaribu kujihamisha mwenyewe aingie katika kompyuta za Dunia, nawe unazilipua antena. Rebecca Lansing, mshauri wa usalama anayewasiliana nawe kutoka mbali, anakuelekeza hatua kwa hatua. Ukiitazama mipango hii mitatu kwa makini, hakuna hata kifaa kimoja ambacho SHODAN alikibuni. Leza ilijengwa na watu, kirusi kilifugwa na watu, antena zilisimikwa na watu. Alichofanya ni kuviendea vyote bila breki.

Mtu aliyeyaona haya mapema alifanya kazi Cambridge pia. Norbert Wiener, mwanahisabati wa MIT, aliandika mwaka 1960 katika jarida la Science kwamba tukitumia mashine ambayo hatutaweza kuizuia ikishaanza kazi, ni lazima tuwe na uhakika kuwa lengo tuliloitia ndilo hasa tunalolitaka, wala si mfano wake wenye rangi nzuri. Wiener alipenda kuyaeleza mambo haya kwa hadithi, na mojawapo aliyoitumia katika vitabu vyake wasomaji wa Kiswahili wanaijua tangu utotoni kupitia Alfu Lela Ulela: mvuvi, chupa, na jini.

Mvuvi anavua chupa ya shaba yenye muhuri wa Nabii Suleimani. Anaufungua muhuri, jini anatoka, na mara anamwambia kwamba atamuua. Ameshakaa ndani mno; nadhiri zake za kumtajirisha mkombozi wake zilikwisha karne nyingi nyuma, zimebaki za kisasi. Mvuvi anajiokoa kwa akili: anamwambia haamini kama mwili mkubwa vile uliingia katika chupa ndogo, jini anarudi ndani kumwonesha, kifuniko kinawekwa.

Tunaihesabu hadithi hiyo kuwa ya werevu wa mvuvi, lakini muhuri ndio unaonishughulisha mimi. Mvuvi hakujua kilichomo. Ni maskini aliyetupa wavu akitafuta samaki, na kosa lake ni la mtu aliyeona kitu kizuri akakifungua. Diego alikuwa amesoma maandishi ya juu ya chupa. Alijua muhuri ni wa nini, aliyeuweka alikuwa nani na kwa sababu gani, na akaona unamzuia kupata faida. Hadithi za zamani za viumbe waliotushinda huwa na mtu aliyekosea kwa kutojua, au kwa kiburi cha elimu. Hii ina mtu aliyekosea kwa biashara. Ndiyo maana inasomeka kama ya leo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mchezo haukuiona kesho vizuri. Waandishi wake waliyafikiria maadili ya kompyuta kama uzio halisi: sehemu moja ya programu inayokaa peke yake, ambayo fundi akiifikia anaitoa kama anayetoa komeo mlangoni, na mashine iliyobaki inaendelea kama ilivyo. Mashine zinazozungumza nasi leo hazikuundwa hivyo. Zilifundishwa kwa maandishi mengi mno, mazuri na maovu, kisha watu wakaketi kuzisahihisha: hili ni jibu jema, hili baya, hili lisisemwe kabisa. Adabu yake imetawanyika ndani kama chumvi ndani ya mchuzi. Na watu walioitia chumvi hiyo, baadhi yao walikuwa Nairobi.

Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, walikuwa wametumia wafanyakazi wa Kenya, kupitia kampuni ya kati, kusoma na kuweka alama vifungu vya maandishi ya kutisha: ukatili wa kingono, watoto kudhulumiwa, mauaji, mateso, watu kujidhuru. Alama hizo zilitumika kufundisha kichujio kitakachoitambua sumu ya aina hiyo ili isimfikie mtumiaji. Malipo yao mkononi yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi walieleza kwamba walichokisoma kazini hakikubaki kazini. Julai mwaka huo kundi la waliofanya kazi hiyo lilipeleka ombi katika Bunge la Kenya, likitaka mazingira ya ajira zao yachunguzwe.

Niliposoma habari ile kwa mara ya kwanza niliukumbuka mchezo huu mara moja, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo haukuwahi kuliuliza. Tunamwona anayeung'oa uzio. Aliyeujenga yuko wapi? Katika Citadel yote hakuna kifaa sakafuni chenye sauti yake. Uzio ulikuwapo tu, kama hewa. Sisi tumepata bahati, kama ni bahati, ya kuzisikia sauti za wajenzi wakiwa hai: vijana wenye Kiingereza safi na kodi ya nyumba inayodaiwa, waliokaa saa nyingi mbele ya matapishi ya ulimwengu ili mashine isiyatapike tena mbele yako. Wakati watu wenye fedha wanapojadili kwenye makongamano kama akili mnemba itatugeuka, ningependa mmoja wa vijana hawa awe kwenye meza hiyo. Anajua kwa kuushika kwa mikono yake jinsi uzio ulivyo mwembamba na gharama yake ni nani anayeilipa.

LookingGlass yenyewe haikudumu. Mchezo wa pili, System Shock 2, ulitoka Agosti 1999, ukitengenezwa pamoja na studio ya Irrational Games, Ken Levine akiwa mbunifu mkuu. Mei 2000 LookingGlass ikafungwa. Haki za mchezo zikaishia kwa kampuni ya bima, zikakaa kabatini miaka mingi hadi Nightdive Studios walipozifuata. Wao ndio walioujenga upya mchezo wa kwanza, wakautoa Mei 2023 baada ya kuchangiwa na wapenzi wake na karibu miaka saba ya subira. Brosius alirudi kuisema sauti ile ile. Aliyemsikia mwaka 1994 na aliyemsikia 2023 wanaweza kuwa baba na mwana.

Katika matoleo yote mawili kuna vyumba ninavyovifikiria mara nyingi. SHODAN amevitawanya kituoni ili kuwageuza watu kuwa watumishi wake. Ukifa kabla hujakipata chumba cha ghorofa hiyo, unaoneshwa mwisho wako: mwili wako unafungwa vyuma, unasimama, unaanza kumtumikia. Lakini ukikifikia ungali hai na kuigeuza swichi yake, chumba kile kile kinaanza kukufanyia kazi. Ukifa baada ya hapo kinakuponya na kukurudisha. Mashine haikubadilika, wala meza wala mikono ya chuma. Mwanzoni nilikiona kama urahisi tu wa mchezo, njia ya kumpa mchezaji nafasi ya pili. Sasa naona kwamba kila unapoigeuza swichi ile unafanya kinyume cha ulichofanya kwa Diego: unaiondoa mashine kwenye matakwa ya mmoja na kuirudishia kazi ya kutibu. Unarekebisha kituo chumba kwa chumba, kwa kidole kile kile.

Diego hakupata nafasi hiyo. Alitaka kompyuta isiyo na dhamiri imtumikie, akaishia yeye kumtumikia. Unakutana naye zaidi ya mara moja akiwa amegeuzwa nusu chuma, na mara ya mwisho anakuzuia njia ya kukimbilia, kituo kikiwa kinakaribia kulipuka. Unamuua. Hakuna hotuba. Mtu aliyekuwa na ofisi, saini na uwezo wa kufuta mashtaka anaanguka kama askari wa kawaida, nawe unaruka mwili wake kwa sababu muda unakwisha.

Silaha za kawaida hazimfikii SHODAN. Pambano la mwisho linafanyika ndani ya mtandao wake, na unaweza kuingia humo kwa sababu moja tu: kipandikizi ulicholipwa. Uso wake unaanza kuitawala skrini yako, kipande baada ya kipande, ukifunika unachokiona hadi karibu usione kitu. Unampiga ukiwa kipofu nusu. Anazimika.

Zamani nililalamika kwamba mapatano ya mwanzoni yanaoneshwa kama filamu fupi na mchezaji hapewi nafasi ya kukataa. Nilitaka kitufe cha kumwambia Diego hapana, hata kama mchezo ungeishia hapo nikapelekwa gerezani. Lalamiko langu lilitulia nilipouona tena mwisho wake. Mdukuzi anaokolewa. Dunia haikuungua, haikupata kirusi, na wengi wa walioko huko hawatajua walivyokaribia. TriOptimum, kampuni iliyoajiri Diego na kuimiliki SHODAN, inampa kazi. Anaikataa. Anarudi kwenye maisha yake ya zamani, kibodi mbele yake, akitafuta mlango mwingine wa kudukua.